Muulize Afande: Kichwa nje au kichwa ndani?

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi moja tu kwamba magari mengi ya deraya siku hizi hayana askari aliyesimama juu nyuma ya bombomu, ile bunduki nzito ya rashasha. Yuko chini, macho kwenye skrini. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko kurasa zote nilizowahi kuandika kuhusu breki na minyororo ya vifaru. Nimechagua sita na kuzifupisha. Nitajibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono: miaka minne nilikuwa mpigaji juu ya gari la doria, miwili nikakaa ndani ya tureti, kisha miaka tisa nikawa fundi wa silaha za magari, nyingi zikiwa hizi za rimoti.

Kwa anayejiunga nasi leo: tureti ni ule mnara mfupi unaozunguka juu ya gari la deraya au kifaru, na kwa kawaida ndani yake wamo watu. Silaha ya rimoti ni bunduki iliyofungwa juu ya paa kwenye mkono wa chuma wenye mota na kamera. Anayeipiga yuko ndani ya gari, na kati yake na bunduki hamna kitu ila nyaya.

SWALI: Shikamoo Afande. Nasoma uhandisi, mwaka wa tatu. Kama bunduki inaweza kupigwa kwa rimoti, kwa nini bado yapo majeshi yanayoweka watu ndani ya tureti, au yanayomsimamisha askari nusu mwili nje? Si ni kumtoa mtu kafara?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza kwa uchungu, na uchungu huo naujua, maana nimesimama pale. Hebu nikuoneshe mahali penyewe. Unasimama kwenye kipande cha turubai kilichoning'inizwa kama bembea, tumbo limegusa ukingo wa tundu la paa. Mbele yako bombomu, ubavuni vipande vya chuma vinavyokufika kifuani. Gari likiingia shimoni, mbavu ndizo zinazopokea. Risasi ikija, wewe ndiye kitu laini kuliko vyote kwenye gari zima, na anayepiga analijua hilo. Lakini kilichokuwa kikininyima usingizi hakikuwa risasi. Ilikuwa gari kupinduka. Wenzako wote wamefunga mikanda, wewe uko nusu nje, na tani kadhaa za chuma zinakuja upande wako. Tulikuwa na neno moja la kupiga kelele, na mtu mmoja chini kazi yake ilikuwa kukumbatia miguu yangu na kunivuta ndani. Tulilirudia zoezi hilo mpaka ngozi ya kiuno ikachubuka, na bado mara nyingine alichelewa.

Kwa hiyo nusu ya hoja yako ni ya kweli kabisa. Katika vita vya Oktoba 1973 makamanda wa vifaru wa Israeli walipigana vichwa vikiwa nje ili waone, na waliouawa miongoni mwao walikuwa wengi mno. Baada ya 2003 huko Iraki, wapigaji wa Humvee, magari mepesi ya doria ya Wamarekani, walipigwa na mabomu ya barabarani na wadunguzi. Kila walipopigwa, bamba jingine la chuma liliongezwa kuwazunguka, kisha vioo vinene, na kila kilichoongezwa kule juu kilifanya gari liwe rahisi zaidi kupinduka. Brigedi ya kwanza ya magari ya Stryker, magari ya deraya ya magurudumu ya Wamarekani, ilipoingia Iraki mwishoni mwa 2003 ilikuja na mtambo wa rimoti uliobuniwa na Kongsberg ya Norwe, na mpigaji akawa chini ya chuma pamoja na wenzake. Mwaka 2007 jeshi la Marekani liliichagua kampuni hiyo hiyo kutengeneza mitambo ya aina hiyo kwa ajili ya magari mengi zaidi. Wapo watu wazima leo wana watoto kwa sababu ya uamuzi huo, na mimi siwezi kuandika neno la kuudharau.

Sasa nusu ya pili. Nilipokuwa juu nilisikia. Mlio wa risasi una upande: unapasuka kwanza, kisha unafuata mngurumo wa bunduki yenyewe, na sikio lililozoea linageuza shingo kabla akili haijauliza. Niliwaona kunguru wakiruka kwa fujo kutoka mti mmoja, nikajua kuna mtu chini yake. Nilinusa dizeli ya gari ambalo hatukuwa tumeliona bado. Na zaidi ya yote, nilikuwa na mkono. Gari la raia likija kwa kasi nyuma ya msafara, nilinyanyua kiganja: simama. Asiposimama nilipunga kwa nguvu, nilipiga kelele, nilionesha uso wangu. Mara nyingi sana ilitosha. Dereva yule alimwona mtu, akafunga breki.

Mtambo wa rimoti hauna kiganja. Katika miundo mingi kamera imefungwa pamoja na bunduki, kwa hiyo ukitaka kumtazama mtu unamwelekezea mtutu. Yeye haoni kwamba unamchunguza tu. Anaona mtutu umemgeukia. Wengine huganda, wengine hukimbia, na anayekimbia kwenye skrini anafanana na mwenye jambo la kuficha.

Ndiyo maana bado unaona vichwa nje. Si ukatili wala uzembe wa wakubwa pekee. Ukimshusha mtu chini unauokoa mwili wake, lakini unamnyang'anya macho, masikio na mikono. Hivyo vitatu inabidi uvirudishe kwa njia nyingine, na kila kimoja kina gharama yake. Jeshi linalonunua mtambo bila kulipa gharama hiyo limenunua nusu ya kitu.

SWALI: Afande, kupitia ile skrini mnaona nini hasa? Kwenye matangazo inaonekana safi kama sinema.

JIBU: Naam, ni safi. Tatizo si usafi, ni upana. Ngoja nikupe kisa.

Wiki ya kwanza ya mafunzo ya rimoti nilikaa kwenye kiti changu, skrini mbele, mpini wa kuongozea mkononi, nimevuta picha karibu kabisa. Nilikuwa natazama shabaha umbali wa mita 900: ubao uliochorwa umbo la mtu, nyuma ya kichaka. Nilihesabu misumari minne iliyoushikilia. Nilifurahi kama mtoto. Mkufunzi akanigonga begani, akasema shuka. Nikashuka. Ubavuni mwa gari, usawa wa kiti changu, palikuwa na alama ya msalaba ya chaki, bado mbichi. Mkufunzi mwingine alikuwa ametembea kutoka ukingo wa uwanja, mchana kweupe, bila kujificha, akachora na kurudi alikotoka. Mimi nilikuwa nahesabu misumari.

Hesabu yake ni rahisi. Kamera ikiwa mita 3 juu ya ardhi, na mkono wa bunduki ukiweza kuinama nyuzi 20, basi katikati ya picha huwezi kuifikisha karibu kuliko mita 8 hivi kutoka garini. Ongeza kingo za paa, antena na masanduku yaliyofungwa juu, ambayo programu ya mtambo imekatazwa kuyapiga, na utaona duara la upofu linalolizunguka gari lote. Mtu mwenye guruneti anahitaji duara hilo tu. Dawa yake ipo: kamera nyingine ndogo pande zote za gari, na mtu wa pili ambaye kazi yake ni kuzitazama hizo na si kupiga. Magari mapya huja nazo. Ya zamani yaliyowekewa mtambo baadaye, mara nyingi hayana.

Tena mtambo wenyewe unaweza kumziba macho mwenzako. Kifaru cha Abrams cha Marekani kina historia ya kufundisha hapa. Matoleo ya awali yalimruhusu kamanda kupiga bombomu yake mfuniko wa paa ukiwa umefungwa. Lilipokuja toleo la M1A2 uwezo huo ukaondoka, bombomu ikawa ya kushikwa kwa mkono, kichwa nje. Mapigano ya mijini huko Iraki yakawarudisha kwenye rimoti, wakafunga mtambo mrefu wa aina hiyo juu ya tureti. Makamanda wakalalamika kwamba sasa kuna mnara mbele ya nyuso zao. Ikabidi utengenezwe mwingine mfupi. Miongo mitatu ya kwenda na kurudi, yote kwa ajili ya jicho la mtu mmoja.

Lakini nisiwe mchoyo wa haki. Usiku, nipe skrini. Kamera ya joto inamwona mtu aliyelala kwenye nyasi mahali ambapo macho yangu yangeona giza tupu. Kipima umbali cha leza kinakupa mita, kompyuta inainua mtutu kwa kiasi kinachotakiwa, na risasi za kwanza zinafika. Nilipokuwa juu, risasi zangu za kwanza kumi zilikuwa za kutafuta. Na mkono wa chuma hauchoki wala hautetemeki kwa hofu. Mitambo ya kwanza kwenye Stryker haikuwa na kitulizi, kwa hiyo gari likitembea picha iliruka na bunduki nayo; ili upige sawasawa ulilazimika kusimama. Miundo ya baadaye ina kitulizi, na tofauti yake ni kubwa kuliko wanavyodhani wasiowahi kupiga gari likienda.

SWALI: Mimi ni fundi wa magari makubwa. Swali langu fupi: bombomu ya rimoti ikikwama, nani anaikwamua?

JIBU: Ndugu fundi, umegusa kidonda.

Bombomu ya Browning M2, ambayo ndiyo iliyofungwa kwenye mitambo mingi, hupiga risasi 450 hadi 600 kwa dakika. Boksi lake la kawaida lina risasi 100 na uzito wa kilo 16 hivi. Ukishikilia kifyatulio bila kuachia, boksi limekwisha kwa sekunde 10 hadi 13. Hakuna mpigaji mwenye akili anayefanya hivyo, ila upate picha: mitambo hubeba masanduku makubwa zaidi, nayo huisha. Yakiisha, katika miundo mingi lazima mtu afungue mfuniko, atoke mpaka kiunoni, wakati mwingine apande paa, na kunyanyua kilo 16 juu ya kichwa chake.

Na hili si jipya. Mwaka 1944 Wajerumani walikuwa na gari dogo la kuwindia vifaru, Hetzer, lenye bunduki ya rashasha juu ya paa iliyopigwa kutoka ndani kwa kutumia periskopu, yaani darubini ya kuchungulia nje bila kutoa kichwa. Lilikuwa wazo zuri sana. Risasi zikiisha, askari alifungua mfuniko na kutoka kuweka nyingine, mbele ya watu wale wale aliokuwa akiwapiga.

Mimi mwenyewe nilipanda mara moja nisipopaswa kupanda. Ilikuwa mazoezi ya risasi za moto, mvua imenyesha usiku kucha na vumbi la jana limegeuka tope ndani ya mfereji unaopitisha mkanda wa risasi. Bunduki ikapiga tatu, ikanyamaza. Skrini ikaandika neno la hitilafu ambalo kitabu kililieleza kwa mstari mmoja. Nilikoki kwa mota, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Kwenye tureti ya zamani ningefungua kifuniko cha bunduki pale pale, ningeona mkanda umejipinda, ningeunyoosha kwa vidole viwili na kuendelea, kazi ya sekunde sita. Safari hii nilizima umeme wa mtambo, nikafungua mfuniko, nikapanda, nikapiga goti kwenye paa lenye maji na kuinamia bunduki. Mkanda ulikuwa umejipinda kiungo kimoja tu. Saa ya mwamuzi wa zoezi ilisema dakika nne na nusu. Akaandika kwenye karatasi yake: mpigaji amekufa.

Ndugu yangu, nikiwa fundi nilijifunza kwamba mitambo hii haiugui kama bunduki. Bunduki huugua chuma. Utaona, utagusa, utapaka mafuta. Mtambo huugua nyaya. Ipo pete ya umeme inayopitisha mawasiliano huku mtambo ukizunguka bila kikomo. Maji yakiingia hapo, picha inacheza na hujui kama kosa ni kamera, waya au kompyuta. Desemba 2022 jeshi la Ujerumani lilikwenda mazoezini na magari 18 ya Puma, ambayo mzinga wake wa milimita 30 uko kwenye tureti isiyo na mtu, na yote 18 yakashindwa kuendelea. Kasoro nyingi zilikuwa ndogo na zilitengenezeka haraka, baadhi zikiwa za umeme wa tureti. Wapo waliocheka. Mimi sikucheka, kwa sababu najua ilivyo kumtafuta fundi wa kompyuta porini saa nane usiku.

Ushauri wangu kwa wenzetu mafundi: tafuteni miundo inayopakiwa na kukwamuliwa kutoka ndani. Ipo, hasa ile ya mizinga ya kati. Ni ghali na inakula nafasi ndani ya gari. Mimi ningeilipia.

SWALI: Naona kwenye video tureti za vifaru vya Kirusi zikirushwa juu kama kifuniko cha sufuria. Hiyo si inathibitisha kwamba tureti yenye watu imepitwa na wakati?

JIBU: Haithibitishi hilo, na hapa naomba tuende polepole, maana kuna maswali mawili yamefungwa kamba moja: watu wanakaa wapi, na baruti inakaa wapi.

Kifaru cha T-72 kina watu watatu. Hakina mpakiaji, mashine inapakia mzinga, ikichota kutoka kwenye sinia la mviringo lililo sakafuni lenye makombora 22 na baruti zake. Kamanda na mpigaji wamekaa juu ya sinia hilo. Makombora mengine yamepangwa huku na huko ndani, bila ukuta wa kuyatenga na watu. Kombora la adui likipenya na baruti ikashika moto, gesi inatafuta pa kutokea, na mahali dhaifu ni ile pete kubwa tureti inapokalia. Basi tureti inaruka.

Sasa mtazame Abrams. Nayo ina tureti yenye watu, tena watatu. Lakini makombora yake mengi yako nyuma ya tureti katika chumba chenye milango ya chuma inayojifunga, na paa la chumba hicho limetengenezwa ling'oke kirahisi. Baruti ikiwaka, moto unatoka juu badala ya kuingia kwa watu. Tureti zote mbili zina watu, ila hatima ya waliomo si moja. Kilichowaua wale wa kwanza ni kukalia baruti.

Warusi wenyewe walilijua hilo. Kifaru cha T-14 kilichooneshwa Moscow tarehe 9 Mei 2015 kimewaweka watu wote watatu mbele, ndani ya chumba cha deraya, na tureti yenye mzinga imeachwa bila mtu. Huko Marekani nako mwaka 2022 kampuni ya General Dynamics ilionesha kifaru cha majaribio, AbramsX, kwa mtindo huo huo. Faida ni ya kweli: chuma kizito kinazunguka chumba kimoja kidogo badala ya kuzunguka mnara mzima, na tureti inakuwa ndogo na nyepesi.

Ila mimi, ukiniuliza, kwenye kifaru bado ninasita, na kusita kwangu hakutoki kwenye mazoea. Mwaka 1940 Ufaransa ilikuwa na vifaru vyenye chuma kinene na mizinga isiyodharaulika. Renault R35 kilikuwa na watu wawili: dereva, na kamanda aliyekuwa peke yake ndani ya tureti. Mtu huyo mmoja alitafuta adui, alilenga, alipakia, alipiga, na katikati ya hayo alitakiwa kuamua gari liende wapi. Panzer III ya Wajerumani ilikuwa na watatu ndani ya tureti, na kamanda wake alikuwa huru kutazama tu. Kutazama tu! Ndiyo kazi kubwa kuliko zote ndani ya gari la kivita. Kila tunapopunguza watu au kuwashusha chini nauliza swali moja: nani amebaki huru kutazama, na anatazama kwa kutumia nini? Kama jibu ni kamera nzuri tano na kamanda asiye na kazi nyingine, sawa, nitapanda. Kama jibu ni kamera moja na mtu mmoja mwenye kazi nne, tumerudi 1940.

Na mashine ya kupakia isiyo na mtu karibu nayo inaweza kuchosha jeshi zima. Wamarekani walikuwa na Stryker yenye mzinga wa milimita 105 uliobebwa juu ya paa, ukipakiwa na mashine. Mwaka 2021 walitangaza kuziondoa zote kufikia mwisho wa 2022, na sababu mojawapo waliyoitaja ilikuwa mashine hiyo ya kupakia pamoja na mzinga wenyewe.

SWALI: Na droni je? Zimebadilisha hesabu?

JIBU: Zimebadilisha, na kwa pande zote mbili. Kichwa kilicho nje sasa kinatafutwa kutoka juu, mahali ambapo ngao zetu za zamani hazikufunika kitu. Hiyo ni hoja nzito ya kuwaingiza watu ndani. Vilevile mtambo wa rimoti unaweza kuinua mtutu juu sana, mingi inafika nyuzi 60, na baadhi sasa inaongezewa vitambuzi vya kuifuata droni yenyewe ikiruka. Mtu kwa macho yake hawezi kazi hiyo mara nyingi.

Lakini kamera ziko nje. Kipande cha bomu kisichoweza kukwaruza deraya kinaweza kuvunja lenzi, na lenzi ikivunjika gari lina bunduki nzima ambayo haliwezi kuitumia. Januari 2024, kijiji cha Stepove karibu na Avdiivka huko Ukraini, magari mawili ya deraya ya Waukraini, aina ya Bradley, yenye mzinga mdogo wa milimita 25 yalikabiliana na kifaru cha Kirusi cha T-90M. Mzinga huo hauwezi kutoboa chuma cha mbele cha kifaru kile. Walikimiminia risasi kwa ukaribu, na video inaonesha tureti ya kifaru ikizunguka hovyo bila mwelekeo kabla hakijagonga mti na kusimama. Kifaru kile kilikuwa na tureti yenye watu, na bado kilipofuka. Sasa fikiria gari ambalo watu wake hawana hata mfuniko wa kuchungulia.

SWALI: Mwanangu wa kiume amemaliza mafunzo, ameambiwa atakuwa mpigaji wa silaha ya rimoti. Jirani ananiambia nishukuru kwa sababu yuko ndani. Mwingine anasema watamfanya azoee kuua kama mchezo wa kompyuta. Sijui nishike lipi. Mama.

JIBU: Mama, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Jirani wa kwanza amesema kweli. Kijana wako akiwa ndani, gari likipinduka atakuwa amefunga mkanda pamoja na wenzake. Hakuna atakayehitaji kumvuta miguu. Risasi ya mdunguzi italigonga sanduku la chuma na kamera juu ya paa, na kamera itabadilishwa.

Jirani wa pili nampinga kwa niliyoyaona. Wapigaji wa rimoti niliofanya nao kazi hawakuwa wepesi wa kupiga kuliko sisi wa juu. Wengi walikuwa wazito zaidi, kwa sababu mtu ambaye hatishiwi mwili wake ana nafasi ya kusubiri. Mimi juu nilikuwa na sekunde moja, nayo imejaa hofu. Kijana aliye chini anaweza kuvuta picha karibu, akaona kwamba kile kitu begani ni jembe. Tena picha inarekodiwa, na kamanda anaona skrini ile ile. Nilimjua mmoja aliyekaa dakika kumi na moja akimtazama mtu aliyeinama kando ya barabara usiku, jasho linamtoka, kidole kiko nje ya kifyatulio, mpaka yule mtu aliposimama na kumpakata mbuzi mdogo aliyekuwa amenasa kwenye waya. Kijana yule alilia baadaye. Aliyezoea mchezo halii.

Lakini yapo yanayomchosha kwa namna yake. Anaona nyuso kwa karibu kuliko tulivyoziona sisi, na hawezi kuzisikia. Akirudi nyumbani akanyamaza mbele ya televisheni iliyowaka, usimlazimishe kuitazama. Mpe kazi ya mikono, nje, mahali anapoona mbali.

Na akija likizo, Mama, muulize mambo mawili kwa niaba yangu. Atashangaa umeyajulia wapi. La kwanza, kama kuna mwenzake ambaye kazi yake ni kutazama kamera za pembeni wakati yeye analenga. La pili, kama wamewahi kumfundisha kuikwamua bombomu kwa mikono, juu ya paa, gizani, kwa kupapasa, na imemchukua muda gani. Akikwambia dakika moja, lala usingizi. Akikwambia hawajafundishwa, mwambie aende kwa sajini wake Jumatatu asubuhi akaombe muda wa zoezi hilo, na asiondoke mpaka apewe siku.